Mnamcheka "Mzee" wa Norwei, mimi nakataa

Nimekuwa kimya wiki mbili, tesiti zimetubana na bumu mnajua wenyewe lilivyochelewa. Leo nilikuwa niandike kuhusu foleni ya maji bombani, ila hiyo itasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Jumamosi mchana kafeteria tulikuwa watu sita meza moja, wali maharage mbele yetu, pamoja na yule mwenzetu Mmarekani aliyekuja mwaka huu kusoma Kiswahili. Wengi mnamjua, yule mrefu anayetoa shikamoo hadi kwa wapishi wa rika lake. Stori zikafika alikokuwa kabla hajaanza chuo. Akasema alikaa Norwei miaka miwili akiwa mmisionari wa Wamormoni. Mmoja wetu akamuuliza, ulibatiza wangapi? Akajibu bila kupepesa macho: wawili, na mmoja aliacha.

Meza ilicheka mpaka meza za jirani wakageuka. "Miaka miwili, watu wawili! Pasta wetu Jumapili moja anazamisha arobaini." Mwingine akasema heri angefuga kuku. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kula. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma, ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Jina kamili la kanisa lake ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith jimbo la New York mwaka 1830, na tangu 2018 viongozi wake wanaomba watu waache kuwaita Wamormoni. Nitatumia jina fupi kwa sababu ya urefu tu, wanisamehe. Huku kwetu wapo pia, na Mei 2025 waliweka wakfu hekalu Nairobi. Mimi si wao na sina mpango huo. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, wa kwaya na mnada wa kuku baada ya ibada. Kwa hiyo asije mtu akasema nimenunuliwa.

Vijana wao wa kiume wanaenda misheni kuanzia miaka 18 (ilikuwa 19 hadi 2012), wanakaa miezi 24. Wasichana wanakaa miezi 18. Hakuna mshahara. Kinyume chake, familia ndiyo inayolipa: kwa vijana wa nchi tajiri kama Marekani ni dola 500 kwa mwezi tangu Julai 2020, zamani zilikuwa 400, na ni kiasi kile kile iwe umepelekwa Norwei ambako kila kitu ghali au nchi ya bei rahisi. Zidisha mara 24 mwenyewe. Na huchagui unakokwenda. Unajaza fomu, unapimwa afya mpaka meno, halafu unasubiri barua kutoka Salt Lake City. Mwenzetu alitarajia Brazili. Barua ikasema Norwei.

Cheo cha kila kijana wa kiume, kwa Kiswahili chao, ni "Mzee". Ndevu hazijaota, kifuani kibati cheusi kinasema Mzee fulani! Jumamosi hilo nalo lilichekwa, na hapo hata mimi sina utetezi.

Maisha yenyewe sasa. Unaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unasoma maandiko, unasoma lugha, unatoka. Saa nne na nusu usiku taa zinazimwa. Huna televisheni, huna mpenzi, huogelei. Una mwenza uliyepangiwa, na hamwachani usiku na mchana isipokuwa mmoja anapoingia chooni au kuoga. Akikoroma, unalala na mkoromo wake. Mkigombana, mnabisha hodi pamoja mmenuna. Baada ya miezi michache unapangiwa mwingine. Siku moja kwa wiki, kwa kawaida Jumatatu, ndiyo ya kufua, kununua chakula na kuwasiliana na nyumbani. Na hapo ujue yeye alibahatika, kwa sababu hadi Februari 2019 kumpigia mama simu kulikuwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sisi tunaolia hosteli haina Wi-Fi sijui tungefika mwezi wa pili.

Alianzia Tromsø. Fungueni ramani muone ilivyo juu kule. Kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Mchana kunakuwa na mwanga wa bluu saa chache halafu giza. Yeye na mwenzake walitembea kwenye barafu na viatu vyenye meno ya chuma, nyumba hadi nyumba. Baadaye akahamishiwa Bergen, ambako anasema mvua inanyesha kama imeajiriwa.

Sasa milango. Majengo mengi huwezi hata kupanda ngazi. Kuna kengele chini zenye majina, unabonyeza, unaongea na kispika ukutani. Kijana amejifunza Kinorwei wiki kadhaa chuoni kwao Utah, anajitambulisha kwa adabu, na sauti inamjibu kwa Kiingereza safi kuliko chake, "hapana, asante", kisha kimya. Wakijibu kwa lugha yao ni "nei takk", maana yake ile ile. Hakuna anayemtukana, hakuna anayemfungulia mbwa. Jioni anarudi kwa mwenza wake, wanapika tambi, wanajaza takwimu za wiki. Aliniambia kuna wiki alitamani mtu amfokee, angalau ingekuwa mazungumzo. Na akikaribishwa ndani, jambo la kwanza Mnorwei atakalompa ni kahawa, na wao kahawa hawanywi. Chai ya majani nayo hawanywi. Kwa hiyo hata huo mlango mmoja uliofunguka unaanza kwa yeye kukataa.

Hapo ndipo meza yetu iliposema Wanorwei wamelaaniwa, wana pesa, wamemsahau Mungu. Rumeti wangu alilisema kwa uhakika kabisa, kama vile amewahi kufika hata Namanga.

Mimi nasema hivi. Milango ya Skandinavia haikuwa hivi siku zote. Mmormoni Erastus Snow alifika Copenhagen mwaka 1850, mwaka mmoja baada ya katiba mpya ya Denmark kuruhusu uhuru wa dini. Kitabu cha Mormoni kilichapwa kwa Kidenishi mwaka 1851, na hiyo ndiyo lugha ya kwanza baada ya Kiingereza. Si Kifaransa, si Kijerumani. Norwei wahubiri wao wa kwanza walitiwa ndani Fredrikstad, lakini watu waliendelea kuwasikiliza. Kufikia mwisho wa karne ile zaidi ya watu 20,000 kutoka Skandinavia, wengi wao wa Denmark, walikuwa wamehamia Utah. Kuna bonde linaitwa Sanpete ambalo lilijaa Wadenishi. Hata sanamu ya Yesu mliyoiona kwenye nembo yao, ile waliyoanza kuitumia 2020, asili yake ni ya mchongaji Thorvaldsen, na ya kwanza imesimama mpaka leo ndani ya kanisa la Kilutheri Copenhagen. Hilo la sanamu ni pembeni tu, nimelipenda.

Walioitikia walikuwa kina nani? Wengi wakulima wadogo, vibarua, mafundi wa hali ya chini. Na mmisionari alikuja na ujumbe na pia na safari. Kulikuwa na mfuko wa nauli ulioanzishwa 1849: nenda Utah sasa, ukifika utalipa kidogo kidogo. Sisemi imani yao ilikuwa ya uongo. Waliovuka bahari wakasukuma mikokoteni nyikani kwa ajili ya imani siwezi kuwaita waongo. Ila nasema hivi, mtu mwenye shida akifunguliwa mlango na mhubiri aliyeshika tiketi mkononi, huwezi kujua kwa hakika amesema ndiyo kwa kipi.

Wajukuu wa waliobaki leo wana hospitali, wana shule, wana pensheni. Hawamhitaji mmisionari kwa lolote. Kwa hiyo "nei takk" yao ni jibu la mtu ambaye hatapoteza kitu akikataa wala hatapata kitu akikubali. Mnaita hiyo laana? Mimi naona ni mahali pachache duniani ambapo mhubiri anapewa jibu la kweli.

Msinielewe vibaya, na huku kwetu nitafika. Wenzetu hao hao wa Skandinavia ndio waliotuletea sisi wamisionari. Waswidi walikuwa Bukoba, na Bengt Sundkler, Mswidi, alikuwa askofu kule kabla ya Josiah Kibira kushika mwaka 1964. Wanorwei walifungua hospitali Haydom mwaka 1955, na hakuna mtu wa Mbulu atakayekuruhusu useme vibaya kuhusu hospitali ile. Wala sisemi. Lakini babu yangu mimi (misheni yake siitaji, ni mbali na hizo) alibatizwa akiwa na miaka kumi na mbili kwa sababu bila cheti cha ubatizo hakuandikwa shule. Alinisimulia mwenyewe akicheka. Akawa mzee wa kanisa miaka arobaini, akaimba, akaombea wagonjwa, akafa Mlutheri. Swali langu ni dogo tu: siku ile angeweza kusema "hapana, asante" na bado akaandikwa darasa la kwanza? Hangeweza. Pasta yule aliandika jina la babu kwenye hesabu ya waliookoka, na naamini wafadhili huko Ulaya walifurahi. Sasa nani kati yao alihubiri kweli, yule wa wanafunzi sitini kwa mpigo, au huyu wa watu wawili Norwei?

Sisi wa Elimu tuliotoka TP tunalijua hili jamani, tusijifanye. Mimi nilipewa kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya themanini, fimbo ikiwa imeegemea ukuta wa ofisi ya walimu. Nikiuliza "mmeelewa?" darasa zima "ndiyo mwalimuuu". Nilijaza kwenye andalio la somo kwamba lengo limefikiwa, msimamizi akaweka tiki. Wiki ya nne nikatoa zoezi, watoto kumi na moja ndio waliopata nusu. Ile ndiyo yote ilikuwa ya fimbo. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "wote walikubali" nauliza kwanza wangekataa ingekuwaje.

Basi, wale wawili. Baada ya chakula nilimfuata njiani kwenda hosteli, nikamwomba radhi, nikamuuliza ni kina nani. Mmoja ni Mnorwei mstaafu, bado yumo. Wa pili, aliyeacha, ni mama wa Kikongo aliyekaa miaka kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kupelekwa Norwei na watoto wake. Siku walipobonyeza kengele yake hawakumaliza hata salamu. Mlango ulifunguka na sauti ikasema, "Karibuni, karibuni ndani!" Hawakujua maana yake, lakini walikuwa hawajasikia mlango ukijibu hivyo miezi mingi. Akawaandalia chai. Wakakataa, kwa aibu. Akaduwaa, maana mgeni anayekataa chai kwako ni sawa na amekutukana, halafu akawachemshia maziwa. Yule mama ndiye aliyemfundisha "shikamoo". Kiswahili cha huyu kijana mnayemcheka kilianzia kwenye kochi la mkimbizi, Bergen, kwa maziwa ya moto.

Alibatizwa baada ya miezi mitatu. Baada ya mwaka akaacha kwenda. Hakugombana na mtu, alipata kazi ya usafi na kikundi cha Wakongo wenzake wanaosali kwa Kiswahili na ngoma. Na mwenzetu akaniambia maneno ambayo hakuyasema mezani: "Nadhani alikuwa anataka tu mtu wa kumbishia hodi."

Hapo tulisimama, pale kwenye mwembe wa njia panda. Maana yeye ameshaliona ambalo sisi tulicheka bila kuliona. Mlango wa mwenye nacho ulifungwa, wa mpweke ukafunguka. Anasema ilikuwa hivyo kwa wenzake wengi kule: wanaosikiliza ni wageni, wakimbizi, wanafunzi kutoka nje, watu ambao hakuna jirani anayewasalimia. Je, kuwatembelea ni vibaya? Hapana! Yule mama aliwahitaji na walimbebea makochi akihama. Ubaya ni pale maziwa yale ya moto yanapoingizwa kwenye takwimu za wiki: anafundishwa, kahudhuria, kapangiwa tarehe, kabatizwa. Mwongozo wao wa wamisionari unasema mafanikio yanapimwa kwanza kwa kujituma kwako, si kwa idadi. Vizuri. Basi kwa nini namba zinatumwa kila wiki? Ukimpa kijana wa miaka kumi na tisa fomu yenye visanduku, giza la Tromsø na mwenza anayekoroma, usishangae akianza kudhani kisanduku kisichojaa ni dhambi yake. Yeye alifunga kula, akaamka mapema zaidi, akajilaumu mwaka mzima kwamba hana imani ya kutosha.

Rumeti wangu (ndiye yule wa Namanga) nilipomsimulia alinirukia: "Wewe unatetea kanisa lililowanyima watu weusi ukuhani mpaka 1978?" Swali zuri, na sitalikwepa. Ni kweli. Brigham Young alilitangaza hadharani mwaka 1852, na likadumu hadi Juni 1978. Wanaume weusi hawakupewa ukuhani ambao kwao kila mwanaume mwadilifu anapewa, na waumini weusi, wake kwa waume, hawakuruhusiwa ibada kuu za hekaluni. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kukana nadharia zilizotumika kuhalalisha jambo lile. Mwaka huo huo Mswidi mmoja, Hans Mattsson, aliyekuwa kiongozi mkubwa wao Ulaya, aliliambia gazeti la New York Times jinsi waumini walivyosoma historia kwenye intaneti wakamletea maswali ambayo yeye mwenyewe hakuwa na majibu yake. Kwa hiyo si kwamba Waskandinavia hawasikii. Wanasoma.

Nilimuuliza mwenzetu, yule mama mlimwambia habari za 1978? Akanyamaza kidogo. Akasema hakuuliza, na sisi hatukusema.

Hapo nilimkatalia, na namkatalia hapa mbele yenu, na nimemwambia kwamba nitaandika. Huwezi kumfundisha mama mweusi miezi mitatu, ukamfikisha majini, na hilo ukaliacha mfukoni. Mnorwei mwenye intaneti na jioni ndefu atalitafuta mwenyewe. Mama mwenye watoto na lugha ngeni atalisikia baadaye kutoka kwa mtu mwingine, au hatalisikia kabisa. Alikubali akiwa mpweke, na pia akiwa hajaambiwa yote. Hakubisha. Alisema, "Ningekuwa na miaka ya sasa ningemwambia." Nikamwambia ndiyo sababu sipendi kumpa mtoto wa miaka kumi na tisa cheo cha Mzee. Akacheka kidogo, ila macho hayakucheka.

Kwa hiyo lawama ninazo, tena nzito kuliko kicheko chenu. Lakini hazihusu uchache. Nyinyi mlimcheka kwa kubatiza wawili, mimi namuuliza kuhusu mmoja kati ya hao wawili. Na hawa wetu wanaopita hosteli saa kumi na moja alfajiri na kipaza sauti, wakimshika mwaka wa kwanza aliyelia usiku kucha kwa kukosa mkopo, wakamwandika jina kwenye daftari la waliompokea Bwana, hao wataulizwa na nani? Maana daftari lao limejaa kweli kweli, nimeliona.

Jumamosi ijayo tutakuwa meza ile ile saa saba, na yeye nimemwalika. Mje wote mliokuwepo. Msimuulize wangapi. Muulizeni ilikuwaje yule mama alipoaga, maana hiyo stori mimi alianza kunisimulia halafu akashindwa kumaliza. Na mtu asimwekee chai.